Mwalimu Aliyerudi Chuoni: Nicolaes Cleynaerts na Kiarabu cha Hispania

Katika kazi zote za elimu, kusomesha lugha ni kazi inayomsahaulisha mtu upesi hali yake ya kwanza. Mwalimu aliyekwisha kusahihisha makosa ya wengine kwa miaka kumi au zaidi hujiona kana kwamba alizaliwa na sarufi mkononi, na kigugumizi cha mwanafunzi humwonekea kuwa ni uvivu. Kwa hiyo ni nadra kumwona mwalimu mwenye jina, ambaye vitabu vyake vinasomwa katika nchi nyingi, akiacha kiti chake na kwenda ugenini kuketi tena pamoja na wanaoanza alifu. Nadra zaidi ni kumwona akifanya hivyo kwa ajili ya lugha ambayo wakuu wa nchi aliyoiendea wanaitaka ife. Mtu wa namna hiyo alikuwa Nicolaes Cleynaerts, ambaye wanavyuoni wa zama zake walimwita kwa Kilatini Clenardus. Habari zake ni za karne ya 16, lakini jambo linaloulizwa na maisha yake halijapitwa na wakati, nalo ni hili: mtu akitaka kujifunza lugha, yu tayari kumkubali nani kuwa mwalimu wake?

Cleynaerts alizaliwa Diest, mji mdogo wa Brabant, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ubelgiji, katika miaka ya mwisho ya karne ya 15. Alisoma Leuven, na huko huko akawa mwalimu. Mji huo ulikuwa na sifa kubwa katika elimu ya lugha, kwa sababu mwaka 1517 kiliundwa hapo chuo cha lugha tatu, yaani Kilatini, Kiyunani na Kiebrania, kwa mali aliyoiacha Hieronymus Busleyden katika wasia wake, na kwa msaada wa Erasmus. Katika hali hiyo ya hewa Cleynaerts alisomesha Kiyunani na Kiebrania. Mwaka 1529 alichapisha sarufi fupi ya Kiebrania, na mwaka 1530 sarufi ya Kiyunani. Hiyo ya pili ilichapishwa tena na tena katika miji mingi kwa muda wa miaka zaidi ya 100, na vijana wengi wa Ulaya walijifunza Kiyunani kwa kitabu hicho. Mwaka 1531, basi, alikuwa hana haja ya kutafuta cheo kwa kujifunza jambo jipya.

Walakini lugha moja ilikuwa imemtia kiu. Mtu asomaye Kiebrania kwa bidii hukutana mara kwa mara na maneno ambayo wafasiri wa kale waliyaeleza kwa kuyalinganisha na Kiarabu, maana lugha hizo mbili ni ndugu. Cleynaerts aliona kuwa nyuma ya mlango alioufungua ulikuwako mlango mwingine. Leuven hapakuwa na mtu wa kumfungulia. Alichokuwa nacho ni kitabu cha Zaburi kilichochapishwa Genoa mwaka 1516 kwa juhudi ya Agostino Giustiniani, ambamo maneno yale yale yamepangwa katika safu za Kiebrania, Kiyunani, Kiarabu, Kiaramu na Kilatini. Alikuwa hajui hata herufi moja ya Kiarabu. Akatumia akili yake hivi: majina ya watu na ya mahali hayabadiliki sana yakihama kutoka lugha moja kwenda nyingine. Akalitafuta jina katika safu ya Kiebrania, akakisia mahali pake katika safu ya Kiarabu, akayatenga maumbo yaliyorudi kila jina hilo lilipotajwa, na kwa kulinganisha jina na jina akazitambua herufi moja moja. Alifu yake aliipata pasipo mwalimu, kama mtu anayefungua kufuli kwa kusikiliza mlio wake.

Lakini herufi si lugha. Kitabu humpa msomaji umbo la neno, hakimpi pumzi yake, wala hakimjibu akikosea. Mwaka huo wa 1531 alifika Leuven Fernando Colón, mwana wa yule baharia Christopher Columbus. Colón alikuwa na maktaba kubwa Seville, na alitafuta watu wa elimu wa kwenda naye Hispania. Cleynaerts alikubali pamoja na rafiki yake Johannes Vasaeus. Nia yake ilikuwa wazi: Waarabu waliitawala sehemu kubwa ya Hispania kwa karne nyingi, basi ni wapi pengine katika Ulaya ambapo angeweza kukipata Kiarabu kwa urahisi zaidi? Tena palikuwako Salamanca, chuo kikuu kilichoanzishwa katika karne ya 13. Baraza la maaskofu lililokutana Vienne, Ufaransa, katika miaka ya 1311 na 1312, lilikitaja chuo hicho kwa jina lake miongoni mwa mahali panapopasa kusomeshwa Kiebrania, Kiarabu na Kikaldayo. Amri hiyo ilikuwa na umri wa miaka zaidi ya 200 wakati Cleynaerts alipoyaona mawe ya dhahabu ya Salamanca.

Alichokikuta ni amri tu. Madarasa ya sheria na ya dini yalijaa wanafunzi, lakini Kiarabu hakikuwa na darasa la kumfaa. Aliyemsaidia ni mtu mmoja, Hernán Núñez, mwalimu wa Kiyunani, ambaye alikuwa na kiasi cha Kiarabu. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mwandishi wa sarufi ya Kiyunani aliketi mbele ya mwalimu mwingine wa Kiyunani, si kwa mashindano ya elimu waliyoshiriki, bali kama mwanafunzi anayeanza. Ili apate riziki alisomesha wengine, na ili apate alichokijia alisomeshwa. Núñez alimpa misingi, lakini misingi ilipokwisha kuwekwa palikuwa hapana fundi wa kuinua kuta.

Sababu ya uhaba huo haikuwa siri. Mwaka 1492 Granada, dola ya mwisho ya Waislamu wa Hispania, iliangukia mikononi mwa Fernando na Isabel. Mwaka huo huo Antonio de Nebrija alichapisha Salamanca sarufi ya Kikastilia, nayo ilitolewa kwa Malkia kwa hoja kwamba lugha ni mwenzi wa dola. Haikupita miaka kumi, watu wa Granada wakalazimishwa kubatizwa, na vitabu vya Kiarabu vikachomwa hadharani kwa amri ya Askofu Mkuu Cisneros. Vya tiba tu ndivyo vilivyosalimishwa. Mwaka 1505 padri Pedro de Alcalá alichapisha Granada sarufi na kamusi ya Kiarabu, lakini vilikuwa vyombo vya mapadri wa kuwaungamisha watu waliobatizwa. Mwaka 1526 ilitolewa amri ya kuwakataza watu hao lugha yao na mavazi yao. Walilipa fedha nyingi ili amri hiyo iahirishwe. Basi Kiarabu kilikuwa bado kinasikika Granada sokoni, mashambani na kwa wafuma hariri. Lakini maulamaa wake wengi walikuwa wamekwisha kuvuka bahari, na waliobaki waliogopa kuonekana na kitabu.

Kuna jambo la ajabu katika habari hii, ambalo msemaji wa Kiswahili analiona upesi kuliko wengine. Wale waliokuwa wakikifukuza Kiarabu walikuwa wakikisema kila siku bila kujua. Mkastilia akitaka kusema "mpaka" husema *hasta*, neno lililotoka katika *hatta* ya Kiarabu, sawa na *hata* ya Waswahili. Sukari yake ni *azúcar*. Mkuu wa mji wake ni *alcalde*, na asili ya jina hilo ni yule yule kadhi anayejulikana pwani ya Afrika ya Mashariki. Neno likikwisha kuingia katika ulimi wa watu, moto hauliwezi. Kinachoweza kuchomwa ni kitabu, na anayeweza kunyamazishwa ni mwalimu.

Katika mwaka 1533 André de Resende, Mreno aliyewahi kujuana na Cleynaerts huko Leuven, alimletea wito wa Mfalme João III. Alitakiwa awe mwalimu wa ndugu ya mfalme, Henrique, kijana ambaye baadaye alikuja kuwa kadinali, na hatimaye, toka mwaka 1578 mpaka 1580, mfalme wa Ureno. Cleynaerts akaenda Évora. Kazi yake ilimpa nafasi, na hapo alimpata mganga mmoja aliyejua Kiarabu, kwa kuwa vitabu vya tiba ndivyo vilivyoachwa hai. Kwa njia ya dawa na maradhi mwanafunzi akaendelea mbele hatua chache.

Lakini Évora ilimwonyesha jambo jingine, na hapa habari yake inaigusa Afrika. Katika barua alizowapelekea marafiki zake wa Brabant alieleza kwa mshangao jinsi nchi ilivyojaa watumwa, Waafrika weusi na Waislamu waliotekwa, hata kila kazi ya nyumbani ikawa ni yao. Mshangao haukumzuia kufanya kama wenyeji. Alinunua vijana watatu Waafrika, akawapa majina ya Kilatini: Dento, Nigrinus na Carbo. Jina la pili limetoka katika neno la weusi, na la tatu maana yake ni makaa. Majina waliyopewa na mama zao hayakuonekana kuwa na kazi. Aliwafundisha Kilatini kwa mazungumzo, si kwa kitabu. Na wao, waliokwisha kulazimishwa kujifunza Kireno kwa masikio, walijifunza na Kilatini kwa njia hiyo hiyo.

Mwaka 1537 Henrique, ambaye alikuwa Askofu Mkuu wa Braga, alimtaka Cleynaerts afungue chuo katika mji huo. Chuo hicho kilikuwa kioja. Waliingia watoto wadogo na wazee, mapadri na watumwa, wakaketi pamoja. Mwalimu hakuanza na kanuni za sarufi. Alisema Kilatini tangu mlangoni, akatenda anachokisema na kukisema anachokitenda, na wale vijana watatu aliwaweka mbele ya darasa wazungumze naye: aliwaamuru waruke, wakimbie, watambae, wajibu, na darasa likaona maana ya kila tendo kabla ya kuambiwa jina lake. Watu waliostaajabu kwamba Kilatini ni kigumu walikisikia kikisemwa na watumwa. Leo walimu wengi wa lugha husifu njia hii na kuiona ya kisasa. Ni haki kuisifu. Ni haki vilevile kukumbuka kwamba vijana waliolithibitisha jambo hilo hawakuwa huru kuondoka darasani. Walikuwa walimu wasaidizi kwa kazi yao, na bidhaa kwa sheria ya nchi.

Cleynaerts angaliweza kubaki Braga kwa raha. Mwaka 1538 alikiacha chuo mikononi mwa Vasaeus, akashika njia ya kusini kutafuta tena Kiarabu, hata akafika Granada mwaka 1539. Hapo alijua kwa hakika kwamba lugha ya maulamaa haikuwa tena na mtu huru wa kuifundisha, au kama yuko, hathubutu kujitokeza, kwa sababu Baraza la Uchunguzi wa Imani lilikuwa na makao yake katika mji huo huo. Palibaki njia moja. Almería alikuwako mtumwa Mwislamu aliyekuwa na elimu nzuri ya sarufi, na bwana wake hakutaka kumwuza kwa bei ndogo. Cleynaerts hakuwa na fedha hizo. Luis Hurtado de Mendoza, Markisi wa Mondéjar, aliyekuwa mkuu wa Granada na mlinzi wa ngome ya Alhambra, alimnunua, kwa mapatano kwamba Cleynaerts akae asomeshe Kiyunani katika nyumba yake, na mtumwa amsomeshe Cleynaerts Kiarabu.

Mapatano hayo yafaa kutazamwa vizuri. Mwalimu mmoja alilipwa kwa mwalimu mwingine. Mmoja alikuwa mgeni huru mwenye vitabu vilivyochapishwa, na mwingine alikuwa mateka mwenye elimu kichwani. Na katika saa ya somo aliyekuwa juu alikuwa yule mateka. Yeye ndiye aliyejua irabu ya mwisho inavyobadilika kwa kazi ya neno, yeye ndiye aliyesema hili ni kosa na hili ni sawa, na mwandishi wa sarufi iliyotukuzwa Leuven akarudia kama alivyoambiwa. Somo likiisha, kila mmoja alirudi mahali pake: mwanafunzi kwa wakubwa na mwalimu kwa watumwa. Chuo cha Hispania alichokitafuta Cleynaerts tangu mwaka 1531 kilikuwa hiki. Hakikuwa na majoho wala kengele kama Salamanca. Kilikuwa ni mtu mmoja aliyenunuliwa sokoni.

Nia ya mwanafunzi nayo isifichwe. Cleynaerts hakukipenda Kiarabu kwa ajili ya utamu wake tu. Alikuwa padri, na alitaka kuusoma Uislamu katika lugha yake ili aujibu kwa hoja. Tofauti yake na watu wengi wa zama zake ni kwamba aliamini kwamba shindano la imani ni la maneno, si la upanga, na kwamba asiyeijua lugha ya mwenzake hana haki ya kubishana naye. Kwa sababu hiyo aliuona uchomaji wa vitabu kuwa ni upotevu. Aliomba vitabu vya Kiarabu vilivyotekwa na Baraza la Uchunguzi apewe yeye badala ya kutiwa motoni, ajenge kwavyo darasa la Kiarabu huko Leuven. Wenye vitabu hawakumsikiliza.

Mwezi wa Aprili 1540 aliivuka bahari kwenda kuvitafuta kwa wenyewe, na mwanzoni mwa Mei akafika Fez. Sultani wa nasaba ya Wattas alimpokea vyema. Alipanga katika mtaa wa Mayahudi, ambao ndio waliokuwa wasaidizi wake, kwa kuwa msikiti wa Qarawiyyin na darasa zake, mahali pa elimu tangu karne ya 9, palikuwa hapaingiwi na mtu wa dini nyingine. Vitabu viliuzwa mahali asipofika. Aliona jinsi watoto wanavyoihifadhi Kurani yote kwa moyo kabla ya kuanza sarufi, akastaajabu kuona elimu kubwa ikikaa katika kumbukumbu za watu na si katika makabati. Msomaji aliyepita chuoni Lamu au Zanzibar hatastaajabu. Kwa Cleynaerts, mtu aliyeanza Kiarabu kwa kukodolea macho karatasi iliyochapishwa, lilikuwa fundisho kwamba kitabu ni msaidizi wa mwalimu, wala si badala yake.

Alikaa Fez zaidi ya mwaka mmoja. Fedha zilimwishia, baadhi ya Wakristo wenziwe walimfanyia hila, na vitabu alivyovipata vilikuwa vichache kuliko alivyotumaini. Mwaka 1541 alirudi Granada. Mwaka 1542 alimwandikia Kaisari Charles V kuomba tena vitabu vya Kiarabu kwa ajili ya chuo alichokiwaza. Alikufa Granada mwaka huo huo, darasa lake la Leuven likiwa halijazaliwa. Kilichobaki ni barua zake, zilizochapishwa Leuven mwaka 1550, ambazo kwazo tumezijua safari zake.

Mambo yaliyofuata yalimpa haki na kumhukumu pamoja. Mwaka 1567 Felipe II alikataza Kiarabu kabisa katika Granada, kusemwa na kuandikwa, na watu wakapewa miaka mitatu wajifunze Kikastilia. Mwaka uliofuata wakaasi, na vita vikaendelea mpaka 1571. Kati ya 1609 na 1614 wazao wa Waislamu waliobatizwa, watu wapatao laki tatu, walifukuzwa Hispania. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1613, Thomas Erpenius alipewa kiti cha Kiarabu katika chuo kikuu cha Leiden, si mbali na Brabant, na akachapisha sarufi ambayo Ulaya iliitumia kwa muda mrefu. Kiarabu kilipewa kiti upande mmoja wa Ulaya wakati wasemaji wake walipokuwa wakipakiwa merikebuni upande mwingine. Lugha inaweza kuheshimiwa sana na watu wasioweza kuvumilia kuishi jirani na wenyewe.

Ndiyo maana habari ya Cleynaerts haifai kusomwa kama sifa tupu. Alikuwa na unyenyekevu ambao walimu wachache wanao: alikubali kuwa mjinga tena akiwa na umri wa kuheshimiwa, alikwenda mahali lugha ilipo badala ya kuingoja imfuate, na alimsikiliza mwalimu wake bila kujali minyororo yake. Lakini hakujali minyororo hiyo kwa maana mbili. Haikumzuia kujifunza, wala haikumsumbua kiasi cha kumfanya aulize kwa nini mtu mwenye elimu kuliko yeye anauzwa Almería, au kwa nini vijana wanaosema Kilatini kuliko wana wa mabwana wa Braga wanaitwa makaa. Alikuwa mwanafunzi wa lugha hadi mwisho wa maisha yake. Kuwa mwanafunzi wa watu wenye lugha ni daraja nyingine, na katika daraja hiyo hakuingia ila kwa hatua ya kwanza.

Walimu wa lugha wa leo husafiri kwa urahisi asioujua Cleynaerts. Huandikishwa katika vyuo vya ugenini, huketi tena katika viti vidogo, hutahiniwa, na hurudi makwao wakiwa walimu bora, kwa sababu wameonja upya haya ya kukosea mbele ya wengine. Faida hiyo ni ya kweli, naye aliijua kabla yao. Lakini cheti hakionyeshi jambo ambalo maisha yake yanalionyesha wazi: kwamba baina ya mwanafunzi na lugha yuko mtu, mwenye jina lake na haki zake, na kwamba deni la somo halilipwi na ada peke yake.